Kumlea mtoto wa paka aliyepoteza mama: joto kwanza, maziwa baadaye

Wa kwanza kuletewa alinifia mapajani, na aliyemuua ni mimi. Jirani alimwokota chini ya ngazi asubuhi ya mvua, akamleta kafungwa kwenye leso: mtoto wa paka wa siku tatu nne, macho hayajafunguka, analia kwa sauti ya mlango uliokosa mafuta. Nikaona ni njaa. Nikapasha maziwa, nikamnywesha, naye akanywa vizuri tu. Adhuhuri tumbo limejaa kama puto, magharibi keshakufa. Daktari wa mifugo niliyempigia simu aliniuliza swali moja: "Ulipompokea, alikuwa wa moto au wa baridi?"

Alikuwa wa baridi. Tangu siku hiyo nimelea wengi hapa Mji wa Kale, Mombasa, wengine wakapona, wengine la, na kila ninachokueleza hapa kimesimama juu ya swali lile.

Hatua ya 1: Hakikisha mama hayupo kweli

Paka huhamisha wanawe mmoja mmoja kwa meno, na anaweza kukaa nje saa kadhaa akitafuta chakula. Ukiwakuta watoto wamejazana, wametulia, matumbo mviringo, hao wana mama. Nyunyiza unga kidogo kuwazunguka, kisha ondoka. Ukirudi ukaona nyayo kwenye unga, kazi yako ni kumwekea mama chakula na maji karibu, basi. Hakuna maziwa utakayochanganya wewe yakashinda yake. Wa kuchukua ni wale wanaolia bila kukoma, wachafu, wa baridi. Na kama mvua inanyesha au kuna mbwa, usingoje mambo ya unga.

Hatua ya 2: Joto

Mtie ncha ya kidole kinywani. Kinywa kikiwa cha baridi, maziwa yakae mbali hata alie vipi. Mtoto wa wiki ya kwanza hajui hata kutetemeka. Joto lote hulipata kwa mama na ndugu zake. Mwili ukishuka chini ya nyuzi 35 hivi, matumbo husita kufanya kazi. Maziwa unayompa hayasagwi, yanakaa yakichacha. Ndilo puto nililoliona.

Watu huniuliza, "Na joto hili la Mombasa?" Joto hili ni letu sisi wakubwa. Usiku wa Julai, kusi ikivuma, chumba hushuka hadi nyuzi 22 hivi, na yeye wiki ya kwanza anataka 30 hadi 32 pale anapolala. Ukimlaza juu ya vigae umemzika.

Mimi huanza na kifua changu. Namtia ndani ya nguo, ngozi kwa ngozi, nafunga leso juu, naendelea na cherehani yangu. Saa moja, mbili, wakati mwingine tatu. Usimtumbukize kwenye maji ya moto wala usimweke karibu na jiko. Kumpasha kwa haraka nako huua. Akishapata joto lakini bado amelegea, chovya kidole kwenye maji yenye glukosi umpake tone kwenye ufizi.

Kisha boksi. Chukua katoni yenye kuta ndefu, tandika kitambaa kisicho na nyuzi za kunasa kucha. Jaza chupa ya soda ya nusu lita maji ya moto yasiyochemka, ivishe soksi nene, iweke upande mmoja tu, ili akizidiwa na joto ajiburure aende upande wa pili. Kila unapomlisha badilisha maji, kwa sababu chupa iliyopoa humnyang'anya joto badala ya kumpa.

Halafu sisimizi. Harufu ya maziwa huwaita kutoka nyumba ya tatu. Boksi likae juu ya meza, na kila mguu wa meza ndani ya kopo la maji. Niliwahi kuamka saa tisa usiku nikawakuta wamejipanga mpaka kwenye kope za mtoto. Sijarudia kosa hilo.

Hatua ya 3: Maziwa gani?

Kama mtaani kuna paka anayenyonyesha, mjaribu kabla ya kitu kingine chochote. Msugue mtoto kwa kitambaa walicholalia watoto wa paka yule, mpachike katikati yao, ukae uangalie. Wengi hukubali.

La sivyo, nunua maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa watoto wa paka. Madaktari wa mifugo na maduka ya wanyama mjini huwa nayo. Ni ghali, najua. Maziwa ya ng'ombe matupu yana protini karibu nusu tu ya yale ya paka na mafuta machache, halafu huharisha, na kuhara kwa kiumbe cha gramu 100 si jambo la kusubiri kesho. Maziwa ya unga ya mtoto wa binadamu nayo hayamtoshi. Tui la nazi, ambalo nimeshauriwa na mabibi watatu tofauti, hapana.

Ukikwama usiku, maduka yamefungwa: maziwa kamili ya ng'ombe ml 240, viini viwili vya yai bila ule ute mweupe, kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kupikia. Koroga, chuja. Ni ya kuvukia siku moja mbili, si ya kulelea.

Hatua ya 4: Kumlisha

Hapa ndipo mikono ya watu wema hukosea. Usimlaze chali kama mtoto mchanga wa mtu. Paka hunyonya akiwa kifudifudi, kichwa kimenyooka mbele. Ukimlaza chali, maziwa yanaingia mapafuni, anapaliwa, na nimonia hufuata.

Tumia bomba la sindano la ml 1, bila sindano yenyewe, lililochemshwa. Maziwa yawe na joto la mwili: tone moja kwenye kifundo cha mkono wako, usihisi moto wala baridi. Mweke kifudifudi juu ya taulo apate pa kukanyaga. Ingiza ncha pembeni mwa mdomo, sukuma tone, subiri ameze, sukuma jingine. Akishashika mdundo utaona masikio yanacheza, mbele nyuma, mbele nyuma, na miguu ya mbele inakanda taulo. Masikio yakicheza, ananyonya na kumeza. Yakisimama, nawe simama.

Maziwa yakitokea puani, acha papo hapo, mwinamishe kichwa chini, mfute, mpumzishe.

Tumbo lake hubeba kama ml 4 kwa kila gramu 100 za uzito, basi usijaze zaidi ya hapo kwa mara moja. Wiki ya kwanza mlishe kila baada ya saa mbili hadi tatu, usiku pia. Ndiyo, usiku pia. Wiki ya pili saa tatu hadi nne, ya tatu nne hadi tano. Mume wangu alihamia chumba cha mbele mwaka wa kwanza. Siku hizi yeye ndiye wa zamu ya alfajiri, kwa kuwa huamka kwa swala hata hivyo.

Akimaliza, mweke begani umpigepige mgongo kwa vidole viwili acheue.

Hatua ya 5: Kumkojoza

Hili halijulikani na wengi, na limeua wengi. Mpaka karibu wiki ya tatu, mtoto wa paka hawezi kukojoa wala kunya mwenyewe. Mama humramba chini ndipo hutoa. Wewe huna ulimi huo, una pamba. Iloweshe maji ya uvuguvugu, ikamue, msugue taratibu sehemu za siri, kila unapomlisha. Mkojo utakuja ndani ya dakika moja. Ukiwa wa manjano iliyokolea, hapati maji ya kutosha. Choo hutoka angalau mara moja kwa siku, laini, rangi ya haradali. Mkaushe vizuri, maana mkojo huchubua ngozi.

Hatua ya 6: Mizani

Nunua mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Mtoto huzaliwa na kama gramu 100 na huongeza gramu 10 hadi 15 kwa siku. Mpime kila siku saa ile ile kabla ya kula, uandike kwenye daftari. Jicho hudanganya: anaweza kulia kwa nguvu, kunyonya kwa nguvu, kumbe anapungua. Asipoongeza kitu siku nzima, kagua joto na kipimo cha maziwa. Akipungua, nenda kwa daktari siku hiyo hiyo.

Hatua ya 7: Viroboto na minyoo

Viroboto wengi wanaweza kummaliza damu mtoto mdogo. Angalia ufizi: ukiwa mweupe badala ya waridi, haraka. Usimpake unga wa viroboto wala dawa ya mbwa. Nyingi zina pemethrini, ambayo kwa paka ni sumu. Mwoshe shingo kwenda chini kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya vyombo, mchane kwa kitana cha chawa, mkaushe kabisa, kisha arudi kifuani mwako. Akishalowa, unaanza hatua ya 2 upya.

Dawa ya minyoo huanza akiwa na wiki mbili, hurudiwa kila wiki mbili. Kipimo akupe daktari kwa uzito wake, na lile daftari hapo litakufaa. Na panado usimpe kamwe, hata chembe. Kwa paka huua.

Hatua ya 8: Kumwachisha bomba

Macho hufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14. Meno ya mbele huchungulia wiki ya tatu. Karibu wiki ya nne ataanza kutafuna ncha ya bomba badala ya kunyonya, nami ndipo humwekea sahani ya kina kifupi yenye chakula cha watoto wa paka kilichopondwa na maziwa yake. Siku za mwanzo atakitembelea kuliko kukila. Mfute, mpe tena. Pembeni weka karai dogo la mchanga. Huchimba wenyewe bila kufundishwa.

Mshike kila siku, na wageni wamshike, ili asije kuogopa watu. Chanjo huanza wiki ya sita hadi ya nane. Akifika wiki ya nane huwa na gramu 800 hadi 900, anapanda mapazia, anakula chakula kikavu. Hapo namtoa kwa anayemtaka, si kabla, na anayekubali kuchukua ndugu wawili kwa pamoja humpa nafasi ya kwanza.