Mianzi kwenye Uwanda wa Makonde: majani siyo mizizi

Kipande cha mwanzi kilichofukiwa kitaluni ili kiwe mche hutoa majani kwa wanga uliomo ndani yake. Wiki 2 hadi 4 baada ya kufukiwa huwa kinapendeza kwa ukijani, ilhali chini pengine hakuna mzizi hata mmoja. Kikihamishwa wakati huo, wanga unaisha na mche unanyauka. Kipe miezi 3 hadi 4.

Mvua za Mtwara na Lindi ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili au zaidi kidogo, kwa hiyo kitalu kianze Agosti. Newala na Tandahimba, juu uwandani, maji ni ya taabu miezi hiyo ya kiangazi. Otesha bondeni, kisha pandisha miche juu mvua zikishakolea.

Chagua shina la mwaka 1 hadi 2, lenye macho mazima kwenye mafundo. Shina changa mno, ambalo bado lina maganda, huoza. Ondoa ncha nyembamba, kata vipande vya mafundo mawili, na matawi yabaki na urefu wa sentimita 2 au 3. Toboa tundu katikati ya pingili, yaani sehemu iliyo kati ya mafundo mawili, laza kipande kwenye mfereji wa sentimita 10, macho yakiwa ubavuni, jaza maji kwenye tundu na uzibe kwa plastiki. Fukia sentimita 5, weka kivuli cha makuti na mwagilia kila siku. Ukivuta mche taratibu na ukagoma, una mizizi.

Shimo liwe sentimita 60 kila upande, na debe moja la samadi iliyooza. Nafasi ni mita 6 kwa 6. Tandaza nyasi kuzunguka mche bila kugusa shina, maana nyasi kavu huita mchwa. Usipande kandokando ya mikorosho: mizizi ya mianzi iko juujuu na hunyonya unyevu ule ule, acha mita 10. Kabla watu hawajaanza kuchoma mashamba, lima ukanda wa mita 3 kuzunguka shamba lako. Kichaka kichanga kikiungua, umerudi mwanzo.

Uvunaji ni kuanzia mwaka wa 4, wakati wa kiangazi, kwa mashina yaliyotimiza miaka 3 tu. Kata juu kidogo ya fundo la kwanza; ukikata katikati ya pingili, kisiki kinatuamisha maji na kuoza. Machipukizi ya mwaka huo yasiguswe. Mianzi ya kujengea loweka majini wiki kadhaa ili wanga utoke, kwani wanga ndio unaofuatwa na vidudu vitoboavyo.