Kufundisha kani, tungamo na mchapuko kwa kigari na mawe ya mizani

Wanafunzi wengi huja darasani wakiamini kwamba kitu hakiendi bila kusukumwa. Ukianza kwa kuandika F = ma ubaoni, yaani kani (nguvu ya kusukuma au kuvuta) = tungamo (kiasi cha maada katika kitu) × mchapuko (jinsi kasi inavyobadilika kila sekunde), wataikariri, na imani ile itabaki palepale. Ndiyo maana fomula naiweka mwisho.

Hatua ya 1: Andaa vifaa. Utahitaji kigari chenye magurudumu mepesi, ubao laini, kapi, uzi, saa ya kuhesabu sekunde na mawe manne ya mizani ya gramu 50. Pakia kigari hadi kifike gramu 800. Ukiongeza yale mawe, jumla ni kilo 1. Kapi, gurudumu dogo la kupitishia uzi, likae mwisho wa ubao; uzi utatoka kwenye kigari, upite juu yake, na jiwe litaning'inia upande wa pili. Inua ubao hadi jiwe lipate zaidi ya mita moja ya kushuka. Likigusa sakafu kabla kigari hakijamaliza mita moja tunayoipima, uzi unalegea na kipimo hicho hakifai.

Hatua ya 2: Fidia msuguano. Bila uzi, inua kidogo kidogo ule upande wa ubao usio na kapi, huku ukikigusa kigari kianze kwenda. Kikitembea kwa kasi ileile hadi mwisho, acha hapo. Usiiruke hatua hii. Waulize, "Sasa hivi nani anakisukuma?" Kisha subiri. Ukimya unaofuata una thamani kubwa.

Hatua ya 3: Badilisha kani peke yake. Tundika jiwe moja kwenye uzi, matatu yabaki juu ya kigari. Hapa ndipo walimu wengi tunapokosea: tunachukua jiwe jipya na kulitundika. Jiwe linaloning'inia nalo linaongeza kasi pamoja na kigari, kwa hiyo ni sehemu ya tungamo. Lihamishe kutoka kwenye kigari kwenda kwenye uzi, na jumla itabaki kilo 1.

Anayeachia kigari ndiye ashike saa. Pimeni mara tatu, mchukue wastani.

Jiwe moja ni kani ya karibu nyutoni 0.5 (nyutoni ni kizio cha kani), na mita moja itachukua kama sekunde 2. Kabla ya kutundika la pili, kila mmoja aandike makisio yake. Karibu wote wataandika sekunde 1, kwa kuwa kani imekuwa maradufu. Saa itaonyesha kama 1.4. Usikimbilie kueleza, tundika yote manne, na hapo ndipo sekunde 1 inapotokea. Sasa wape mchapuko = 2 × umbali ÷ muda wa kipeo cha pili, wakokotoe wenyewe: 0.5, 1, kisha 2. Kilichoongezeka maradufu pamoja na kani ni mchapuko.

Hatua ya 4: Badilisha tungamo peke yake. Acha mawe mawili yaning'inie, ongeza kilo 1 juu ya kigari. Muda unapanda kutoka 1.4 hadi karibu sekunde 2. Mchapuko umepungua kwa nusu.

Hatua ya 5: Waseme kwa maneno yao walichokiona, ndipo uandike F = ma. Halafu waulize kwa nini jiwe la kilo 2 na la kilo 1 yakidondoshwa pamoja hufika chini pamoja, ilhali moja linavutwa na nyutoni 20 na jingine 10. Wape kalamu wagawanye kani kwa tungamo.