Kutoka kliniki ya watu ufungue yako ya meno hapa Malindi

Madaktari wenzangu mnaoniuliza vile nilitoka kliniki ya pamoja nikafungua yangu, sikilizeni, kabla hujamwambia mtu kwamba unaondoka chukua kontrakti yako uisome mstari kwa mstari, uone notisi ni ya muda gani na kama kuna mahali wanakukataza kufungua karibu nao. Kama umeajiriwa kwa mshahara wa mwezi na kontrakti haisemi kitu, Sheria ya Ajira ya 2007 inataka notisi ya siku 28 kwa maandishi. Kama unalipwa asilimia ya pesa za wagonjwa wako, nenda kwa wakili kwanza.

Faili za wagonjwa usiziguse, wala usinakili namba zao kwa simu, kuna sheria ya kulinda data ya 2019. Mgonjwa akikufuata mwenyewe, aende aombe rekodi zake, ni haki yake.

Kinachoniuma mimi hadi leo ni wale niliowaacha katikati. Kuna mama wa Muyeye nilikuwa nimemfungua jino kusafisha mizizi, nikaweka dawa na kiraka cha muda, nikaondoka bila kumkabidhi kwa yeyote, akakaa nalo miezi hadi likapasuka na tukaling'oa. Jino lilikuwa la kupona kabisa lile. Kwa hivyo ukishatoa notisi usianze mizizi mipya, malizia zilizopo, na zisizoisha andika kwa faili umefikia wapi, umkabidhi mwenzako na mgonjwa akiwepo.

Leseni yako ya kila mwaka ya KMPDC, lile baraza la madaktari na madaktari wa meno, haitoshi, kliniki yenyewe pia inasajiliwa, halafu kibali cha biashara cha kaunti ya Kilifi, na eksrei ina leseni yake ya KNRA, wale wanaosimamia mambo ya mionzi. Anza mapema maana kodi ya nyumba haingoji, na bima nazo hukaa sana kabla kukuingiza kwa orodha yao.

Nyumba usilipie kabla kuwauliza majirani maji hukatika siku ngapi. Tangi la akiba ni lazima. Na kompresa, ile mashine ya kushindilia hewa, jamani, hii hewa yetu ya bahari ina unyevu mwingi, kila jioni fungua ile koki ya chini ya tangi la hewa umwage maji, yakitoka na rangi ya chai ya rangi ujue kutu imeingia, na hewa hiyo hiyo ndiyo unayopulizia jino unaloziba, likibaki na unyevu kujazia hakushiki, mgonjwa atarudi na kiraka mkononi.