Kupiga gitaa kwa mkono wa Maybelle Carter

Kundi la muziki wa kantri la Marekani, The Carter Family, liliporekodi kwa mara ya kwanza mjini Bristol, Tennessee, mwaka 1927, gitaa la Maybelle lilifanya kazi mbili kwa wakati mmoja: gumba liliimba kwenye nyuzi nene, kidole cha shahada kikachapa mdundo kwenye nyembamba. Ukilisikia vizuri, unaona nyimbo nyingi za kantri zilikotoka.

Shika kodi ya C. Gumba lidonoe uzi wa 5 (uzi wa 1 ndio mwembamba kuliko wote), kisha kucha ya shahada ishuke kwenye nyuzi 3 nyembamba, halafu nyama ya kidole ipande juu kidogo. Gumba, shuka-panda, gumba, shuka-panda. Anza na metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) kwenye mapigo 60 kwa dakika, mkono wa kushoto ukitulia palepale kwenye C, mpaka mkono uache kufikiri.

Sasa tafuta sauti: C ni uzi wa 5, freti ya 3 (freti ni vyuma vinavyokatiza shingo ya gitaa). D ni uzi wa 4 ukiwa wazi (inua kidole cha kati), E ni freti ya 2 ya uzi huohuo, F freti yake ya 3 kwa kidole kidogo, G uzi wa 3 wazi. Utamu mkubwa upo hapa: donoa D, kisha gonga kidole cha kati kwa nguvu kwenye freti ya 2, E ilie bila kudonolewa tena.

Wimbo ukiwa kwenye nyuzi nene, kidole kinachapa nyuzi zote 3 nyembamba. Gumba likifika uzi wa 3, chapa wa 1 na wa 2 tu.

Mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco wa Kongo naye alitumia gumba na shahada, kwa mpangilio wake mwenyewe.