Somo: Pesa ya matumizi ya kijana anayekwenda London

Somo hili nimeliandika kwa ajili ya vijana wa miaka 13 hadi 17 wanaokwenda Uingereza na shule au kuwatembelea ndugu, pamoja na wazazi wanaowafungia mizigo. Nimeongoza safari mbili za wanafunzi kutoka Dar es Salaam hadi London, na mara zote mbili aliyeishiwa siku ya nne hakuwa yule aliyepewa kidogo, bali yule aliyekabidhiwa donge moja la pesa bila kuambiwa lipi ni la chakula, lipi la nauli na lipi la zawadi. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya kazi iliyomo humu hufanyika nyumbani, mezani, kabla begi halijafungwa.

Hatua ya 1: Pigeni hesabu ya siku moja, kisha zidisheni

Kabla ya kutaja kiasi chochote, uliza ni mambo gani yamekwisha kulipiwa. Safari ya shule kwa kawaida huwa imelipia malazi, kifungua kinywa na chakula cha jioni, na kinachobaki juu yako ni chakula cha mchana, nauli na vitu vidogovidogo. Tuchukue mfano wa siku 10. Sandwichi, pakiti ya krispi na kinywaji kutoka supamaketi ni kama pauni 4 au 5, kwa hiyo weka 6 ili usibanwe. Nauli ya basi la London mwaka 2024 ilikuwa pauni 1.75, kwenda na kurudi 3.50. Weka 4.50 kwa mambo mengine. Jumla ni pauni 14 kwa siku, yaani 140 kwa siku 10. Ongeza 60 za zawadi na 50 za dharura, upate 250. Tukichukulia, kwa mfano tu, kwamba pauni moja ni shilingi 3,300, hizo ni shilingi 825,000. Ziandike kwa tarakimu kubwa juu ya karatasi ile ile, kwa sababu kijana anayesoma pauni pekee huona namba ndogo na kudhani ni pesa ndogo.

Kuna matumizi mawili ambayo hayapaswi kuwamo katika hesabu hiyo hata kidogo. La kwanza ni maji. Watoto wetu wamelelewa kuambiwa kwamba maji ya bomba hayanywiwi mpaka yachemshwe, nao wakifika kule hununua chupa tatu kwa siku, ilhali maji ya bomba ya London yananyweka. Beba chupa yako ujaze. La pili ni kiingilio cha makumbusho. British Museum, Natural History Museum na Science Museum hazitozi kiingilio kwa maonyesho yao ya kudumu. Pesa hutoka kwenye duka lililo karibu na mlango.

Hatua ya 2: Tenga mafungu matatu yasiyokopeshana

Fungu la matumizi ya kila siku likae kwenye kadi ya benki, kwa sababu mabasi ya London hayapokei pesa taslimu tangu Julai 2014, na migahawa mingi midogo nayo imeacha kuzipokea. Fungu la zawadi liwe taslimu ndani ya bahasha, ili ulione linavyopungua. Fungu la dharura lisikae kwako kabisa: mkabidhi mwalimu au mwenyeji wako, au liwe kwenye kadi ya pili iliyohifadhiwa mbali na ile ya kwanza. Simu ambayo umeiunganisha na kadi yako ya benki ili ulipie ni pochi pia, na London ina wakwapuaji wa simu wanaopita na baiskeli za umeme, kwa hiyo usisimame ukingoni mwa barabara ukisoma ramani kama mtu aliye sebuleni kwake.

Hatua ya 3: Kagua noti moja moja

Katika safari yetu ya kwanza mwanafunzi mmoja alikuja na noti nne za pauni 20 alizopewa na babu yake, aliyewahi kufanya kazi Uingereza na kuzihifadhi kwa miaka mingi ndani ya kitabu. Muuzaji wa duka la kwanza alizigusa tu kwa kidole akatikisa kichwa, kwa kuwa zilikuwa za karatasi. Noti za karatasi za pauni 20 na 50 zilikoma kuwa malipo halali baada ya tarehe 30 Septemba 2022, na zile za 5 na 10 zilitangulia kuondolewa. Benki Kuu ya Uingereza bado huzibadilisha, nasi tulikwenda kwenye ofisi zake za mtaa wa Threadneedle tukapanga foleni na pasipoti mkononi. Tulifanikiwa, lakini asubuhi yote ilikwisha, na wenzake thelathini walikuwa wanatusubiri.

Kwa hiyo kunja kidogo kila noti unayopewa: noti zote za benki hiyo zinazotumika sasa ni za plastiki. Zenye picha ya Malkia Elizabeth ni halali sawasawa na zenye picha ya Mfalme Charles zilizoanza kutoka Juni 2024, basi mtu asikutishe kwa hilo. Noti zinazotolewa na benki za Scotland ni pesa ya kweli, ila baadhi ya maduka ya London huzikataa, na ukipewa chaguo kwenye duka la kubadilishia fedha omba nyingine.

Hatua ya 4: Jifunze tabia za kadi kabla ya kuitegemea

Mashine ya kadi ikitambua kwamba kadi yako imetoka nje, huenda ikakuuliza kama unataka kulipa kwa pauni au kwa shilingi. Chagua pauni kila mara. Ukichagua shilingi, mwenye mashine ndiye anayepanga kiwango cha kubadilishia, naye hajipangii hasara.

Kwenye usafiri, kadi moja ni ya mtu mmoja. Huwezi kuigusisha kwenye mashine ya nauli mara mbili ukamlipia rafiki yako. Ukiingia kwenye treni za chini ya ardhi unagusisha getini, na ukitoka unagusisha tena, tena kwa kadi ile ile. Usiingie kwa kadi na kutoka kwa simu, hata kama vyote viwili vinachota kwenye akaunti moja, kwani mfumo utavihesabu kama abiria wawili ambao hawakumaliza safari zao na kuwatoza wote wawili nauli ya juu. Basi ni rahisi zaidi, kwani unagusisha unapopanda tu, na ukibadilisha basi ndani ya saa moja hulipi tena. Mwenye miaka 11 hadi 15 anaweza kuwekewa punguzo la wageni vijana kwenye Oyster, yaani kadi ya nauli ya usafiri wa London, likamfaa hadi siku 14. Mwulize mfanyakazi wa kituo siku ya kwanza, kwa sababu hakuna atakayekukumbusha.

Bei unayoiona kwenye rafu ni bei kamili, kodi imo. Mgahawani ndiko risiti huweza kuongezwa asilimia 12.5 ya huduma. Ongezeko hilo huwa ni la hiari, na kijana anayekula kwa pesa ya kuhesabu anaweza kuomba kwa adabu liondolewe.

Hatua ya 5: Zawadi na maagizo

Hapa ndipo pesa ya vijana wetu inapokwisha, nami sitaona haya kulieleza kwa kirefu. Habari ya safari ikishatoka nje ya nyumba, kila mtu ana lake: binamu anataka raba, shangazi anataka manukato, jirani anasema usinisahau hata kwa pipi. Kijana aliyelelewa vizuri hawezi kuwajibu wakubwa hao kwa kukataa, basi huitikia kila mmoja, na akiwa London anajikuta na madeni ambayo hakukopa.

Tenganisha zawadi na agizo. Zawadi ni kitu unachoamua wewe, kwa kiasi chako, na anayepewa hushukuru chochote. Agizo ni kitu anachoamua mwingine, na kanuni yake katika safari zangu ni moja: agizo husafiri na pesa yake. Anayeagiza atoe pesa kabla hujaondoka, nawe uiweke kwenye bahasha yenye jina lake, saizi, rangi, na bei ya juu anayoikubali. Bei ikizidi hapo, hununui, na pesa inarudi kama ilivyokwenda. Mzazi ndiye anayepaswa kulitangaza jambo hili kwa ndugu. Mtoto wa miaka 14 akilisema yeye, litaitwa utovu wa adabu.

Kwa zawadi zenyewe, andika majina ukiwa nyumbani. Majina 12 kwa pauni 60 ni wastani wa pauni 5, lakini bibi anaweza kupata 10 na wadogo zako watatu wakagawana mfuko mmoja wa chokoleti wa supamaketi. Usinunue siku ya kwanza, wakati kila kitu kinang'aa, wala uwanja wa ndege, ambako huna tena nafasi ya kulinganisha. Siku ya sita au ya saba inafaa. Tena fikiri juu ya mpokeaji. Mwanafunzi wangu mmoja alimchukulia bibi yake wa Mufindi kopo la majani ya chai la pauni 9, na bibi huyo amezungukwa na mashamba ya chai pande zote. Alilipenda kopo. Alitilia sukari.

Mkikutana na mtu anayewaambia mtarudishiwa kodi ya manunuzi uwanja wa ndege, habari yake ni ya zamani. Utaratibu huo wa wageni ulikoma London tangu tarehe 1 Januari 2021.

Hatua ya 6: Daftari la usiku

Kila usiku, kabla ya kulala, andika ulichotumia na kilichobaki. Dakika tatu zinatosha. Ukizidisha pauni 5 leo, kesho una 9 badala ya 14, na hilo ndilo jambo lote.

MASWALI YA WAZAZI NA WANAFUNZI

Mzazi, Tanga: Mwalimu, habari za kazi. Nina dola nilizoweka akiba. Je, nimpe kijana dola hizo abadilishe akifika?

Jibu: Nzuri, mzazi mwenzangu. Kama dola tayari unazo, mbadilishie pauni hapa nyumbani baada ya kulinganisha viwango vya sehemu mbili au tatu. Lakini mtu asinunue dola kwa shilingi kwa lengo hilo, maana atakatwa mara mbili, anaponunua dola na anaponunua pauni. Omba noti za 5, 10 na 20. Noti ya 50 humsumbua mtoto, wauzaji huigeuza mara mbili mbili na wengine huikataa.

Mwanafunzi, kidato cha tatu, Moshi: Shikamoo Mwalimu. Shangazi amenipa shilingi 150,000 nimnunulie manukato, lakini nimeona kwenye intaneti kwamba yanauzwa pauni 52. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kwa kiwango chetu cha mfano, 150,000 ni pauni 45 na ushei, kwa hiyo zimepungua karibu pauni 7, ambazo ni nusu ya matumizi yako ya siku. Mpigie mama akamweleze shangazi leo hii, kabla hujasafiri: aongeze, au achague ya chupa ndogo, au achukue pesa yake. Usikae kimya ukitumaini kwamba yatashuka bei. Ukiyapata, yaweke kwenye begi kubwa unalokabidhi uwanjani.

Mzazi, Dodoma: Kadi ya binti yangu imeunganishwa na namba yangu ya simu. Akinunua tiketi kwenye mtandao, namba ya kuthibitisha inakuja kwangu. Tutawezana?

Jibu: Mtawezana mkipanga saa. Wakati wa kiangazi London iko nyuma yetu kwa saa mbili, na wakati wa baridi kwa saa tatu, kwa hiyo yeye akiwa mezani saa tatu usiku wewe umekwisha kulala. Kubalianeni kwamba manunuzi ya mtandaoni yatafanyika kabla ya saa kumi na mbili jioni ya kule, na akutumie ujumbe kwanza akitaja kiasi na duka. Namba ikikujia bila ujumbe wake, usimpe mtu, piga benki. Pia waarifu benki tarehe za safari, kwani kadi iliyotumika Dodoma asubuhi na London usiku inaweza kuzuiwa.

Mwanafunzi, Unguja: Mimi siendi London, naenda Muscat kwa mama mkubwa likizo yote. Mpango huu utanifaa?

Jibu: Utakufaa, ila jihadhari zaidi na udogo wa namba. Riyali moja ya Oman ni baisa 1,000, na imefungwa kwenye dola kwa kiwango cha takriban dola 2.60. Tuseme kwa mfano ni shilingi 6,500. Kitu cha riyali 3 kinaonekana kama bure mpaka ukizidisha. Andika kwenye kikaratasi ndani ya pochi: baisa 100 ni shilingi 650, baisa 500 ni 3,250, riyali 5 ni 32,500. Na kwa kuwa utakula kwa mama mkubwa, fungu lako la matumizi liwe dogo kuliko la London, usije ukalitumia kwa sababu tu lipo.

Mzazi, Mbagala: Mwanangu aliwahi kuliwa pauni 20 na watu wa vikombe darajani. Je, polisi hawapo?

Jibu: Pole sana. Hao ni wale wa Westminster Bridge, wenye vikombe vitatu na kijipira. Polisi huwafukuza, nao hurudi. Nikiwa na wanafunzi mimi huwaambia kabla hatujapanda daraja kwamba wataiona karata tatu ya Kariakoo ikizungumza Kiingereza, na kwamba wale wanaoshinda mbele yao ni wa kundi moja. Tangu nianze kusema hivyo, wanapita wakicheka.

Mwanafunzi, Arusha: Shikamoo. Sarafu zinazobaki nizibadilishe wapi nikirudi?

Jibu: Marahaba. Usitegemee duka la kubadilishia fedha, kwa kawaida huchukua noti tu. Kuanzia siku tatu za mwisho lipa kwa sarafu kwanza. Supamaketi nyingi zina mashine za kujilipia mwenyewe zenye tundu la sarafu: unamimina zote, hata zile za pensi moja na mbili, kisha kinachopungua unagusisha kadi. Jioni ya mwisho wanafunzi wangu walisimama mbele ya mashine moja kwa nusu saa wakitumbukiza sarafu na kununua biskuti za njiani, na mlinzi akaja mara mbili kuuliza kama kuna tatizo.