Somo: Kumpunguzia Mchungaji Mzigo kwa Kutumia Wasaidizi Wenye Moyo

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Tuna msemo wa "mzigo mzito mpe Mnyamwezi". Katika sharika zetu nyingi Mnyamwezi huyo ni mchungaji. Ibada ya pili ikiisha, watu wanapanga mstari mlangoni pa ofisi: huyu anataka cheti cha ubatizo, yule anaulizia tarehe ya ndoa, kijana wa kwaya anadai waya wa spika, na mama mmoja amesimama pembeni, ana msiba, anaomba viti. Viti viko stoo. Ufunguo wa stoo uko mfukoni mwa mchungaji, na mchungaji bado yuko nje kwenye mnada wa mazao, anangoja mkungu wa ndizi upate mnunuzi.

Wengi wakiona hivyo husema tuunde kamati. Kamati tunazo tele! Kazi zimegawanywa zamani, ila uamuzi haujagawanywa, kwa hiyo kila jambo bado "linamsubiri mchungaji". Hapo ndipo somo hili lilipo.

Hatua ya kwanza: andikeni yanayomfikia

Kwa wiki moja, kila simu na kila hodi iingie kwenye daftari. Aandike katibu au mwinjilisti, maana aliyezoea mzigo hauoni. Musa aliketi kuamua mashauri tangu asubuhi hadi jioni, watu wamesimama wanangoja, naye akaona ndiyo kazi. Aliyeona kasoro ni mkwewe Yethro, aliyekuja kumtembelea (Kutoka 18). Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Wiki ikiisha, yatengeni. Neno, sakramenti, maungamo na siri za watu vibaki kwa mchungaji. Mengine yatafutiwe watu.

Hatua ya pili: mtafuteni anayeifanya kazi hiyo tayari

Mkitangaza "anayetaka kujitolea anyooshe mkono", watanyoosha walewale wa kila mwaka. Angalieni nani hufika kwa mgonjwa kabla jumuiya haijatangaziwa, nani hubaki kupanga viti wenzake wakishaondoka. Yethro alitaka watu wenye uwezo, wamchao Mungu, wa kweli, wanaochukia mapato ya dhuluma. Sifa hiyo ya mwisho huwa tunaipita haraka haraka.

Tena msiwachague wawili watatu mmejifungia ofisini. Katika Kumbukumbu la Torati 1, Musa anakumbusha kwamba aliwaambia watu wenyewe watoe watu wanaojulikana katika kabila zao, naye akawaweka. Mitume nao walifanya hivyo katika Matendo 6: mkutano ukachagua saba, mitume wakawawekea mikono.

Yatazameni majina ya wale saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni ya Kiyunani. Walionung'unika walikuwa ni upande wa Wayahudi wa Kiyunani, kwamba wajane wao wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku. Kanisa halikuwajibu kwa kuwaundia tume ya kuchunguza malalamiko. Huduma yenyewe ilikabidhiwa watu wenye majina ya upande uliolalamika. Sisi mlalamikaji humwita mkorofi. Pengine mkorofi huyo ndiye angeshika daftari la misiba vizuri kuliko wote.

Hatua ya tatu: mpeni kazi pamoja na mpaka wa uamuzi wake

Wakuu wa maelfu, mamia, hamsini na makumi hawakuwa wa kupokea malalamiko na kuyapeleka kwa Musa. Waliamua. Yaliyowashinda tu ndiyo yaliyopelekwa.

Basi mpaka uandikwe. Mfano: "Mama wa huduma ya misiba atunze ufunguo wa stoo. Atoe viti na maturubai bila kumuuliza mtu, mradi amwandike mchukuaji. Rambirambi isiyozidi shilingi 50,000 aitoe na mweka hazina, taarifa ije kwenye kikao cha mwezi. Ikizidi hapo, kwa mwenyekiti wa kamati." Sentensi nne hizo zinafanya kazi kuliko semina ya siku mbili.

Hatua ya nne: mtambulisheni, kisha mmwachie

Atambulishwe ibadani, aombewe mbele ya watu. Baada ya hapo mchungaji akipigiwa simu ya viti ajibu, "Umeshaongea na mama wa misiba?" Akimpa viti kwa huruma mara moja tu, kesho hakuna atakayemtafuta yule mama.

Kwenye fedha hakuna mjadala mrefu: sadaka ihesabiwe na watu wasiopungua watatu wasio wa nyumba moja, wasaini kitabu palepale, na lipa namba iwe kwa jina la usharika, si simu ya mtu.

Maswali ya washirika

*Shalom mwalimu. Kwetu mchungaji hana shida, ila wazee wanaomzunguka ndio hawataki vijana washike huduma. Tufanyeje?*

Soma Hesabu 11. Eldadi na Medadi, watu wawili waliobaki kambini wenzao walipokwenda hemani, walipotabiri hukohuko, Musa hakukasirika. Yoshua, mtumishi wake, ndiye aliyetaka wakatazwe. Wivu huo mara nyingi hutoka kwa walio karibu na mkubwa. Aliyeuzima ni Musa mwenyewe, mbele ya Yoshua. Kwa hiyo mwombeni mchungaji aseme kwa kinywa chake. Nyie vijana mkibishana na wazee mtaitwa hamna adabu, na mambo yataishia hapo.

*Bwana asifiwe. Mimi ni mke wa mchungaji. Kila kazi isiyo na mtu inaletwa kwangu, kuanzia watoto wa Sunday school hadi chai ya wageni. Nami ni msaidizi mwenye moyo?*

Pole, mama. Umeolewa na mchungaji, hukuajiriwa na usharika. Chagua huduma moja unayoipenda, nyingine zirudishwe kwa kamati kwa maandishi, na baba mchungaji asimame nawe siku hiyo kwenye kikao.

*Kwetu hakuna anayekubali. Wanasema ukishika kazi kanisani hutoki mpaka ufe.*

Na ni kweli wanayoyaona. Wekeni mwaka mmoja, na tarehe ya kukabidhi itangazwe siku ileile mtu anapopokea. Pia nauli ya bodaboda ya kutembelea wagonjwa na vocha ya simu vitoke kwenye bajeti. Anayejitolea ametoa muda wake. Si lazima atoe na hela ya mboga.

*Mtu tuliyempa kuhudumia wajane ameanza kuhubiri jumuiya za jirani. Tumrudishe kwenye kazi yake?*

Stefano na Filipo, wawili wa wale saba, walianzia kuhudumu mezani. Stefano akaishia kuhubiri mbele ya baraza, Filipo akaenda Samaria. Mpelekeni kwa mwinjilisti wa mtaa amwangalie na kumfundisha, na wajane watafutieni mtu mwingine mapema, maana mgawo wao ni wa Ijumaa hii.