Mashine ya kufulia nyumbani Mwanza: ethi, maji na kipimo cha sabuni

Kabla ya kubonyeza kitufe chochote, tazama ukutani. Mashine ya kufulia ni chombo cha umeme kilichojaa maji, kinachoguswa na mikono iliyolowa juu ya sakafu mbichi. Umeme ukivuja kwenye bati lake, kinga yako ya kwanza ni waya mmoja tu wa rangi ya kijani na njano, unaoupeleka umeme huo ardhini: ethi. Sabuni itafuata baadaye.

Soketi zetu ni za pini tatu bapa, na ile ndefu ya juu ndiyo ya ethi. Mashine nyingi, hasa zilizotumika zinazotoka nje, huja na plagi ya pini mbili za duara ambayo ethi yake iko kwenye vibati vya ubavuni. Ukiichomeka kwa adapta ya bei rahisi, vibati hivyo havigusi kitu. Mashine itafanya kazi, ngoma itazunguka, nguo zitatakata, na hutajua kuwa bati lote halina ethi mpaka siku waya uchubuke ndani. Mwambie fundi umeme aikate plagi hiyo na kufunga ya pini tatu yenye fyuzi ya ampea 13. Fyuzi ikiungua, weka nyingine ya kipimo hicho hicho. Kipande cha waya hakikati umeme, kinaunguza nyumba.

Kisha uliza habari za soketi yenyewe. Kuwa na tundu la tatu si ushahidi kwamba waya wa nyuma yake umefika ardhini. Hapa Mwanza kuna tatizo la pekee: nyumba nyingi za vilimani zimekaa juu ya mwamba wa matale. Fimbo ya ethi ikigonga jiwe baada ya futi mbili, kishawishi ni kukata kipande kilichobaki na kufukia. Fimbo fupi kwenye changarawe kavu haipitishi umeme vya kutosha, na Juni hadi Agosti, ardhi ikikauka, hali huzidi kuwa mbaya. Fundi asibahatishe kwa taa, apime kwa kipimo cha ethi kinachosoma omu. Fimbo isipozama wima, anaweza kuchimba mfereji akailaza, au kuongeza fimbo ya pili mahali penye udongo wenye unyevu na kuziunganisha kwa waya. Usikubali ethi ifungwe kwenye bomba la maji. Mabomba mengi siku hizi ni ya plastiki, na la chuma lingemrushia umeme anayeoga.

Ongeza breka inayokata umeme unapovuja, ya miliampea 30. Ina kitufe chenye herufi T. Kibonyeze kila mwezi. Isipokata papo hapo, ibadilishwe. Na siku ukigusa mashine ukahisi mtekenyo kwenye vidole, hata mdogo, usimalizie nguo zilizomo. Zima kwenye breka kuu kwa mkono mkavu, ndipo uchomoe plagi.

Mashine yenye hita ya kuchemshia maji hula wati 2000 hivi, sawa na ampea 9 kwenye volti 230. Ipe soketi yake ya ukutani. Ekstensheni nyembamba iliyobeba pia friji na televisheni hupata moto taratibu, plastiki ikalainika na nyaya zikagusana. Mashine isiyo na hita hula kidogo zaidi, lakini ekstensheni inayolala kwenye sakafu ya maji haifai kwa yoyote. Weka kilinda umeme kinachokata volti ikishuka au kupanda sana, na umeme ukirudi baada ya kukatika, kiache kisubiri dakika zake chache. Radi nazo si za kupuuza: bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye ngurumo nyingi duniani. Mawingu yakianza kuiva juu ya ziwa, chomoa plagi. Swichi peke yake haitoshi.

Kuiweka mahali pake

Mashine ya mlango wa mbele husafirishwa ikiwa ngoma yake imefungwa kwa bolti tatu au nne mgongoni. Zifungue zote kwa spana kabla ya kuwasha, ziba matundu kwa vifuniko vya plastiki vilivyokuja nayo, na zitunze bolti kwenye mfuko, kwa sababu utazihitaji siku ya kuhama. Ukizisahau, mashine itaruka sebuleni kama mbuzi aliyefungwa, na ngoma itapasua kinachoishikilia. Iweke kwenye sakafu ya zege, si juu ya meza wala kreti. Sawazisha miguu kwa pimamaji, kisha kaza nati ya kila mguu. Bonyeza pembe mbili zinazotazamana, ikicheza, bado.

Mpira wa kutolea maji uinuliwe sentimita 60 hadi 100 kutoka sakafuni. Ukiulaza chini, maji yatajivuta yenyewe kutoka: mashine inaingiza, mpira unamwaga, na ngoma haijai kamwe. Mashine za matenki mawili na baadhi za mlango wa juu hazina pampu, kwa hiyo hizo mpira wake hushushwa chini. Soma kijitabu chake. Upande wa chini wa mashine za mlango wa juu mara nyingi uko wazi, na panya huingia humo kula nyaya. Wavu wa chuma wa matundu madogo, uliofungwa bila kugusa mkanda wala mota, humaliza tatizo hilo.

Maji

Mashine nyingi za otomatiki zinahitaji presha ya kuanzia takribani baa 0.3. Kila mita 10 za urefu hutoa baa 1, hivyo simtanki lililo mita 3 juu ya valvu ya mashine linakupa 0.3 tu, bila kuhesabu kinachopotea kwenye kona za bomba. Hapo ndipo mashine hukaa ikisubiri maji, kisha ikaonyesha alama ya hitilafu ingawa haina ugonjwa. Nyumba ya bondeni inayopata maji ya bomba moja kwa moja haitaliona hili. Ya juu kwenye mawe ya Bugando au Igogo inaweza kuliona kila wiki. Tiba ni kuinua tanki, kutumia bomba la nusu inchi lisilo na kona nyingi, au kufunga pampu ndogo ya kuongeza presha. Mashine ya mlango wa juu inapokea maji ya ndoo bila shida.

Maji yakirudi baada ya mgawo, huja na hewa na tope. Fungua koki ya nje kwanza, mimina ndoo moja au mbili mpaka yatoke safi, ndipo ufungulie mashine. Ndani ya kiungo cha mpira wa kuingiza maji kuna kichujio kidogo cha wavu. Funga koki, fungua mpira, kivute taratibu kwa koleo, kisugue kwa mswaki wa zamani na kukirudisha. Kwa maji ya tanki fanya hivyo kila mwezi wakati wa masika, miezi mingine kila baada ya miezi mitatu. Usikitupe ili maji yaje kwa kasi. Mchanga utapita na kukaa kwenye valvu, na valvu isiyofunga hujaza maji nyumba nzima ukiwa kazini. Kwa sababu hiyo hiyo, funga koki kila unapomaliza kufua.

Sabuni: punguza

Maji ya Ziwa Victoria ni laini; yana chokaa kidogo sana. Hiyo ni neema. Hita haishiki ukoko kama kwenye miji ya maji magumu, na sabuni hufanya kazi upesi. Lakini vipimo vya paketi nyingi vimeandikwa kwa kufikiria maji magumu zaidi, nasi tumezoea beseni, ambako povu ndilo ushahidi kwamba nguo inatakata. Kwenye mashine ni kinyume. Nguo hutakata kwa kuangushwa na kusuguana, na povu jingi huzibeba kama godoro zisigongane. Wakati wa kukamua, povu huikaba ngoma isifikie kasi yake, hupanda hadi kwenye mrija unaopima kiasi cha maji, na pampu hubaki inavuta hewa. Nguo hutoka zikiwa na utelezi na madoa meupe, na mwenye nyumba huongeza sabuni akidhani haikutosha.

Nunua sabuni iliyoandikwa kuwa ni ya mashine, ya povu dogo. Kwa nguo za kilo 4 hadi 5 zenye uchafu wa kawaida, anza na vijiko vitatu vya chakula vilivyosawazishwa, kama gramu 30. Tazama kioo cha mlango katikati ya kufua: povu likizidi theluthi moja ya kioo, punguza kijiko kimoja safari ijayo, kwapa na kola zisipotakata, ongeza kimoja. Anayetumia maji ya kisima kirefu huenda akahitaji zaidi, kwani maji ya mwambani mara nyingi huwa magumu kuliko ya ziwa. Povu likishajaa, usiongeze chochote. Simamisha, toa maji, kisha suuza mara mbili bila sabuni.

Na hili lishikwe na kila mtu wa nyumbani: dawa ya kung'arisha yenye klorini isichanganywe kamwe na siki, limau, asidi ya kusafishia choo wala dawa yenye amonia. Hutoa gesi ya sumu, na chumba cha kufulia huwa kidogo.

Nguo zenyewe

Kilo 7 zilizoandikwa kwenye mashine ni za nguo kavu, za pamba. Jinzi ya mtu mzima hukaribia kilo 0.7, taulo la kuogea nusu kilo, shuka la kitanda kikubwa nusu kilo na ushee. Kwa mlango wa mbele kipimo rahisi ni kiganja: kikisimama wima kati ya nguo na paa la ngoma, mzigo unatosha. Blanketi zito lisifuliwe peke yake bila kitu cha kulisawazisha. Likijikunja upande mmoja, ngoma hupiga kuta.

Kagua mifuko. Sarafu, pini za nywele na misumari huishia kwenye pampu. Kanga mpya ijaribiwe kwanza: lowesha pembe, bana kwa kitambaa cheupe, na ikiacha rangi ifuliwe peke yake.

Nguo za wanaofanya kazi Mwaloni, kwenye soko la samaki, zinahitaji uangalifu wao. Zikung'ute nje magamba yadondoke, kisha zisuuze kwenye beseni kwa maji baridi. Maji ya moto huivisha damu na ute wa samaki ndani ya nyuzi, na harufu haitoki tena kirahisi. Palipo na mafuta ya dagaa sugua kwa sabuni ya kipande, acha dakika 15, ndipo uzitie kwenye mashine kwa nyuzi 40. Magamba yaliyokauka huziba chujio haraka kuliko uchafu wowote wa nyumbani.

Nguo iliyomwagikiwa petroli ya injini ya mtumbwi haiingii kwenye mashine. Mvuke wa petroli ndani ya ngoma iliyofungwa hulipuka kwa cheche moja ya swichi. Itundike nje, mbali na jiko, mpaka harufu iishe kabisa, kisha ifuliwe kwa mkono.

Kwenye mashine ya matenki mawili, usitie mkono kwenye kikamulio kabla hakijasimama kabisa. Kitambaa kinachozunguka hufunga kidole na kukivunja. Ukifungua kifuniko na kikaendelea kuzunguka kwa muda mrefu, breki imeisha, na kisitumike hadi itengenezwe. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye tenki lenye maji kidogo tu, kwa hiyo maji yamwagwe mara nguo zinapotoka.

Maji hayo yaende kwenye shimo la majitaka au mfumo wa jiji. Mtaro wa barabarani huyapeleka Mto Mirongo na kisha ziwani, ambako virutubisho vya uchafu wa mjini hulisha magugumaji. Maji ya suuzo la mwisho yanafaa kudekia au kumwaga chooni siku za mgawo; mashine ya mlango wa mbele hutumia kama lita 50 kwa mzigo, na za mlango wa juu mara nyingi hufika lita 100 na kuzidi.

Usafi wa mashine

Chujio la pampu, ambalo kwenye mashine za mlango wa mbele liko chini nyuma ya kifuniko kidogo, lisafishwe kila mwezi. Kwenye nyumba ya watoto wa shule, kila wiki mbili.

1. Chomoa plagi, funga koki, subiri maji yapoe.
2. Weka trei na kitambaa. Toa maji kwa kamrija kadogo, kama kapo.
3. Zungusha chujio kinyume cha saa, polepole, huku maji yakitoka.
4. Toa uchafu, kisha kwa tochi tazama pangaboi la pampu. Ng'oa uzi au nywele zilizojizungusha.
5. Rudisha, kaza mpaka mwisho, mimina maji kidogo na uangalie kama linavuja.

Baada ya kila kufua, futa mikunjo ya mpira wa mlango na uache mlango wazi kidogo, mahali ambapo mtoto hafikii. Joto na unyevu wa pwani ya ziwa huotesha ukungu mweusi upesi. Mara moja kwa mwezi endesha mashine tupu kwa nyuzi 60 au zaidi. Isiyo na hita, ijaze maji baridi, weka mililita 100 za dawa ya klorini, acha dakika 30, mwaga na suuza mara mbili.

Mashine isipotoa maji, anzia kwenye chujio na mpira uliokunjwa kabla ya kumwita fundi. Ikitikisika, panga nguo upya na angalia miguu. Harufu ya mpira unaoungua mara nyingi ni mkanda unaoteleza kwa mzigo mkubwa. Ikinguruma kama ndege inapokamua, zungusha ngoma tupu kwa mkono: ikikwaruza, beringi zimeisha, na kila siku unayochelewa maji hupenya kuelekea mota. Umeme ukikatika katikati na mlango ukakataa kufunguka, subiri dakika tatu. Bado ukigoma, chomoa plagi, toa maji kwa njia ya chujio, kisha tafuta kamba ya dharura iliyo karibu na hapo. Usiuvunje kwa bisibisi.